Gogo Lililopasuliwa Ijumaa

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu yeyote, Esnah Nyakerario hugonga gogo. Huingia uwanja wa kuni wa kiwanda cha chai saa moja kasoro robo, leso kichwani na gambuti miguuni, huchukua mpini wa jembe uliovunjika ambao huuficha nyuma ya mizani, huenda kwenye rundo lililo karibu na lango, na hugonga ncha ya gogo moja mara tatu. Kisha huinamisha kichwa, sikio la kulia likielekea kwenye gogo, kama mtu anayesikiliza mtoto akikohoa chumba cha pili. Akisharidhika ndipo husema, "Bwakire buya," na watu wote uwanjani huitikia, maana wamekuwa wakiingoja salamu hiyo.

"Sisi husalimiwa baada ya kuni," Mokua, mpakiaji, aliniambia siku ya kwanza nilipofika. "Siku gogo likiwa limeoza, hatusalimiwi kabisa."

"Wewe nikikugonga utalia vipi?" Esnah akamwuliza bila kugeuka.

"Nitalia kama mkaratusi mkavu, mama."

"Utalia kama debe."

Kiwanda hicho kiko juu kidogo ya Nyacheki, mahali ambapo chai imepandwa hadi kwenye kuta za vyoo. Majani yakifika kutoka kwa wakulima lazima yakaushwe, na moto wa kuyakausha hutoka kwenye boila inayokula kuni mchana kutwa. Kuni zenyewe huletwa na watu wa vijiji vya Kisii na Nyamira wenye mikaratusi. Kazi ya Esnah ni kusema hii ndiyo, hii hapana. Gogo bichi hapana. Gogo lililooza hapana. Gogo la mti mwingine wowote hapana, kwa sababu boila imezoea mkaratusi, na ukiibadilishia chakula inatoa moshi mpaka watu wa kanisani wanafunga madirisha.

Ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Alipoanza alikuwa mwanamke pekee uwanjani, na wanaume walisema hatamaliza wiki mbili. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, ameolewa na Ratemo, fundi cherehani anayerekebisha mitumba katika soko la Daraja Mbili, na ana mtoto mchanga, Ruth, ambaye siku hizi ni mwalimu Nyanchwa. Hakuna aliyemfundisha kugonga. Alianza kwa woga: msimamizi alimwambia kwamba akipitisha magogo mabovu atarudi nyumbani, naye hakuwa na nguvu za kupasua kila gogo aone ndani. Basi akawa anagonga, anasikiliza, anakisia, kisha anawaomba wapakiaji wapasue ili aone kama amekisia vyema. Baada ya mwaka mmoja hakuhitaji tena kuona.

Magogo aliyoyakataa aliyaweka pembeni, mahali ambapo watu wa uwanjani hupaita wodi. Na kwa kuwa alikuwa na wodi, akaanza kujua magonjwa. Upo uozo aliouita uzi, unaoufanya mti kuwa mweupe na kuchanika nyuzinyuzi kama mkonge. Upo mwingine aliouita matofali, unaouacha mti ukiwa wa kahawia na kukatika vipande vya pembe nne. Na kila uozo, alisema, una sikio lake. Sikio ni ile kuvu ngumu inayochomoza kwenye gamba la mti, bapa, kama kirafu kidogo cha ukutani. Alijua sikio lipi huja na uozo upi. Vitabu nilivyosoma chuoni vinasema mambo hayo hayo kwa maneno marefu zaidi.

Daktari Apondi, mtaalamu wa kuvu anayefundisha chuoni Kisii mjini, alisikia habari za wodi hiyo kutoka kwa mwanafunzi wake mmoja. Yeye ni mwenyeji wa upande wa ziwa, mrefu, mwepesi wa kucheka, na anaamini kwamba kwa mtu anayetafuta kuvu za miti, uwanja unaokusanya magogo ya vijiji vingi ni bora kuliko msitu. Tulikwenda mwezi wa Machi, mvua ndefu zilipoanza. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko ya karatasi na kuandika lebo, kazi inayomfaa mtu asiyependa kuongea.

Neno daktari lilikuwa limetutangulia. Tulimkuta Mokua amevua kiatu kimoja.

"Mimi si wa hospitali," Apondi akamwambia. "Mimi ni daktari wa kuvu."

"Ndiyo, nimeambiwa. Tazama hizi kucha."

Apondi alizitazama kwa heshima, akampa jina la dawa ya dukani, kisha akaingia wodini. Kwa saa mbili alibandua masikio kwa kisu na kunipa niyafunge. Esnah alisimama kando akiwa ameegemea mpini wake. Tulipokuwa tunakaribia kumaliza, alisukuma gogo moja kwa mguu mpaka likafika mbele ya Apondi. Lilikuwa na masikio matatu, moja kubwa kama kiganja na mawili madogo bado, ya kahawia juu, na ukingo wa njano kama kiini cha yai.

Apondi akainama na kioo chake cha kukuza, akatazama upande wa chini. "Hii naifahamu. Ni ya kawaida. Iko kwenye ule mkaratusi pale, na ule, na ule."

"Siyo," Esnah akasema.

"Mama, nimezisoma hizi kwa miaka kumi na minane."

"Umesoma sikio. Sasa tazama mwili."

Akamwashiria Mokua, naye akabandua kipande cha ncha kwa shoka. Ndani, mti haukuwa na nyuzi wala vipande vya pembe nne. Ulikuwa na vishimo vidogo vyeupe, mamia, vimepangana kama sega la nyuki.

"Ile ya mkaratusi hufanya uzi," Esnah akasema. "Hii imefanya sega. Mlaji mmoja hali kwa namna mbili. Tena huu si mkaratusi. Si mgrevilea, si msaipresi, si mparachichi. Nimeugonga siku tatu na sijui ni mti gani." Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesahau jina la mkwewe.

Apondi alipiga magoti kwenye matope. Wataalamu wa kuvu huchukua sikio na kuuacha mti, kwa sababu sikio ndilo linaloingia kwenye mfuko. Alikaa pale akipitisha kidole kwenye vile vishimo, kisha akasema, "Sawa, mama. Tutaipima."

Tulichukua sikio lile kubwa. Mawili madogo yalihitaji muda yakomae, na uwanjani hakuna kitu kisichoishia motoni, hivyo Esnah akalipeleka gogo nyumbani kwake kwa toroli na kulilaza kati ya migomba, penye kivuli na unyevu. Kila akirudi kutoka kazini alipitia pale kulitazama. Ratemo aliwaambia majirani kwamba mkewe amepata mgonjwa wa kulazwa nyumbani.

Kule chuoni tulianza polepole. Tulilaza sikio juu ya karatasi nyeusi mpaka likaangusha vumbi lake jeupe, ambalo ndilo mbegu zake. Chini ya hadubini tulipima mbegu sitini, moja baada ya nyingine. Tulihesabu vitundu vya upande wa chini: kuvu ya kawaida ina vitano katika milimita moja, hii ilikuwa na vinane, mara nyingine tisa. Apondi aliomba sampuli zilizokaushwa kutoka Nairobi, akaziweka kando ya yetu, akazitazama mpaka macho yakamwuma. Kipande kidogo kilipelekwa kwenda kusomwa vinasaba vyake. Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Hakuna kilicholingana nayo. Ilikuwa na ndugu, lakini pacha hakuwepo.

Apondi alifunga mlango wa ofisi na nikamsikia akicheka peke yake.

Lakini kicheko hicho kilikuwa na sharti. Wataalamu wawili aliowatumia kazi yake waliandika jambo moja: sikio moja halitoshi. Huenda ni kuvu ya kawaida iliyozaliwa na kasoro. Walitaka sikio la pili lililokomaa, na walitaka jina la mti. Bila vitu hivyo viwili kuvu hiyo haingeandikwa popote, ingebaki ndani ya bahasha yenye namba. Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika, na zikikatika masikio hukauka na kuliwa na wadudu. Yote yalikuwa juu ya gogo lililolala kwenye migomba ya Esnah.

Apondi alimpigia simu Ijumaa adhuhuri.

"Mama, ulisema kweli."

"Najua," Esnah akajibu. "Endelea."

"Yale masikio madogo yamekuwa?"

"Moja limekuwa kama sahani ya kikombe. Nimeliona jana."

"Jumapili tunakuja kulichukua gogo zima."

Mokua anasema siku hiyo Esnah aliwasalimu watu uwanjani mara ya pili, saa nane mchana, bila sababu.

Sasa, Ijumaa katika nyumba ya Waadventista si siku kama nyingine. Ni siku ya maandalizi. Jua likishazama Sabato imeingia, na hakuna kupasua kuni, kufua wala kupika mpaka jua la kesho yake lizame. Kwa hiyo kila kitu hufanywa Ijumaa: maji yanatekwa, viatu vinapigwa rangi, chakula cha kesho kinaiva na kuwekwa. Na Sabato hiyo Esnah na Ratemo walikuwa wamealika kwaya ya kanisa jirani, watu kumi na wanane, kwa chakula cha mchana.

Kilichotokea nilisimuliwa na Ratemo mwenyewe, ambaye hulisimulia jambo hili kwa yeyote anayeleta suruali ya kupunguzwa. Yeye ni mtu wa vidole laini. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kupasua kuni, kwa sababu, alisema, fundi akikatwa kidole watu watavaa nini. Esnah alikuwa amemtania kwa hilo tangu Ruth akiwa tumboni. Ijumaa hiyo alifunga cherehani mapema, akafika nyumbani, akaona sufuria kubwa la maharagwe halijatiwa moto na mkewe bado yuko kazini. Moyo ukamwambia, leo. Akachukua shoka. Akatafuta gogo ambalo halitamshinda.

"Baba Ruth," Esnah alisema alipoingia uani saa kumi na nusu na kuona moshi. "Nani amepasua kuni?"

"Mimi."

Esnah akacheka, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamsifu. Alimsifu kwa muda. Kisha akauliza alizitoa wapi.

"Kwenye migomba. Kulikuwa na gogo moja laini sana. Shoka liliingia kama kisu kwenye papai."

Ratemo anasema mkewe hakupiga kelele. Alivuta kila kijinga cha moto kutoka jikoni kwa mikono na kukimwagia maji yaliyotekwa kwa ajili ya Sabato. Masikio yote mawili yalikuwa yameteketea. Kilichobaki ni kipande kimoja chenye urefu wa kiganja, nusu mkaa, nusu sega.

"Hata hazikuwaka vizuri," Ratemo akajitetea. "Zilitoa moshi tu. Na kwa ile haraka nilimsahau kabisa mgonjwa wako."

"Baba Ruth, nyamaza kidogo. Jua halitungoji."

Kwaya ilikula na kusifu maharagwe, yaliyomaliziwa kwa kuni nyingine. Kanisani Esnah aliimba sauti ya pili ya wimbo tofauti na ule uliokuwa unaimbwa, mpaka aliyekaa naye akamfungulia kitabu.

Jumapili asubuhi tulipofika, alikuwa ametungoja barabarani na kile kipande ndani ya karatasi ya gazeti. Hakuanza na salamu. Alimwambia Apondi yote, mwanzo hadi mwisho, bila kumlaumu mtu. Ratemo alisimama nyuma yake akiwa amevaa koti la kanisani, kama mtu anayengoja hukumu.

Apondi akafungua gazeti, akatazama kile kipande, kisha akauliza, "Maharagwe yaliiva?"

"Yaliiva, daktari," Ratemo akasema.

"Angalau."

Kisha Esnah akasema alichokuwa amekifikiria tangu Ijumaa jioni. Gogo halikuanguka kutoka mbinguni. Lilikuja na lori la mtu, na mtu huyo alikuwa Omosa wa ng'ambo ya Keroka, upande wa Nyamira. Alikumbuka kwa sababu moja. Omosa hubishana. Ukimkatalia kijiti, atakuita msimamizi, atamtaja chifu, atakuuliza mama yako ni wa ukoo gani. Siku ile Esnah alipolitoa gogo hilo kwenye mzigo wake, Omosa alitazama pembeni na kusema, "Sawa tu."

"Hajawahi kusema sawa," Esnah akatuambia. "Lile gogo alikuwa na jambo nalo."

Tulimkuta Omosa akinoa panga mlangoni kwake. Alipomwona Esnah akiwa amevaa nguo za kawaida, bila mpini, aliinuka haraka.

"Mama wa kuni. Leo umekuja kunikatalia nyumba?"

"Nimekuja kukuuliza lile gogo la Machi ulilitoa wapi."

"Mimi huleta mikaratusi mitupu."

"Omosa."

"Mitupu. Uliza kijiji kizima."

"Sikuulizi ni la nani. Nakuuliza lilianguka wapi."

Omosa alinoa tena panga lililokuwa limekwisha kunolewa. Akasema tunywe uji kwanza. Tukanywa uji. Akaongea juu ya mvua. Akamwuliza Apondi kama ni kweli watu wa ziwa hula samaki asubuhi, naye Apondi akamjibu kwamba ni kweli, na jioni wanakula wageni. Omosa akacheka mpaka uji ukampalia, na nadhani ni kicheko hicho kilichomlegeza, kwa sababu akaweka kikombe chini na kuonyesha kwa kidevu ukanda wa miti iliyosongamana chini ya shamba, karibu na kijito.

Ukanda huo ulikuwa wa ugomvi. Yeye na kaka yake mkubwa, Ochoki, kila mmoja anasema baba yao alimwachia yeye. Wazee wa ukoo walikuwa wameamua kwamba mpaka kesi iishe, asiuguse mtu yeyote. Kesi ilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Mwezi wa Februari mti mmoja ulianguka kwa upepo ukaegemea upande wake, akaona si vibaya kuupunguza kidogo na kuuficha katikati ya mikaratusi.

"Ochoki akijua, tunaanza upya," akasema.

Tuliteremka. Ndani ya ukanda kulikuwa na giza la kijani na harufu ya udongo mbichi. Miti yenyewe ilikuwa myembamba, yenye gamba la kijivu, mirefu kuliko nyumba, imepinda ikitafuta mwanga. Mingi ilikuwa imeanguka, na juu ya ile iliyoanguka, mmoja baada ya mwingine, masikio. Ukingo wa njano. Niliyahesabu hadi arobaini na nikaacha, kwa sababu Apondi alikuwa ananiita kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Alitambaa chini ya vigogo, akabandua kipande cha mti mmoja, akanyanyua tuone: sega.

Lakini mti ni upi? Apondi hakujua. Mimi nimesoma mimea kwa miaka minne, nikatazama juu, nikaona majani tu.

Esnah alikuwa amesimama peke yake. Chini, kwenye majani makavu, kulikuwa na maua madogo meupe yenye katikati ya njano. Aliokota moja, akaligeuza. Akavuta tawi lililoning'inia, akatazama ncha yake, na bila kufikiri vidole vyake vikafanya vilichozoea: vikachuma majani mawili na chipukizi. Aliyatazama kiganjani. Akayanusa. Kisha akaketi juu ya mti ulioanguka na kuanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka na Apondi akatambaa kuja kuona kuna nini.

"Chai," Esnah akasema. "Daktari, hii ni chai."

Ilikuwa chai. Shamba la chai lililoachwa bila kuchumwa wala kupogolewa kwa miaka thelathini na miwili, likafanya ambacho chai hufanya ikiachwa, likawa msitu. Sisi sote watatu tulikuwa tumekunywa chai asubuhi hiyo.

"Nimeichuma tangu nikiwa na miaka sita," Esnah akasema akijifuta macho kwa leso. "Naijua mpaka kiunoni. Juu ya kiuno sikuwahi kuiona. Nimegonga siku tatu najiuliza huyu ni mgeni kutoka wapi."

"Ningekuambia," Omosa akasema, "lakini hukuuliza ni mti gani. Uliuliza ulianguka wapi."

Kicheko kilimleta Ochoki. Alitokea upande wa pili akiwa na fimbo na sauti kubwa, akitaka kujua nani ameingia mahali pa kesi. Apondi alimweleza, kwa subira, kwamba kwenye ukanda huu kuna kuvu ambayo huenda haijaonekana mahali pengine popote duniani. Ochoki akashusha fimbo. Akatazama masikio. Akatazama kijito, kana kwamba anapima.

"Hiyo iko upande wangu," akasema.

"Upande wako unaanzia wapi?" Omosa akauliza. "Juzi ulisema huku kumejaa takataka."

"Nilisema kumejaa nyoka."

"Basi kuvu ni yangu, nyoka ni wako."

Lebo ya sampuli lazima iseme mahali ilipochukuliwa. Nilikuwa nimeshika kalamu, na kaka wawili walikuwa wamesimama kila mmoja upande mmoja wa lebo. Esnah ndiye aliyeamua, kwa sauti ile ile ya uwanjani. "Andika kati ya Omosa na Ochoki." Walisoma wote wawili, Ochoki akiwa wa kwanza kwa kuwa ni mkubwa, na wakakubali. Nimeambiwa na Mokua kwamba hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana kuhusu ukanda huo, na kwamba tangu siku hiyo wanakwenda pamoja kuangalia kama masikio yapo.

Tulirudi chuoni na sampuli kumi na moja, vipande vya mti, maua na majani. Kila kitu kililingana: vitundu vinane au tisa, mbegu za kipimo kile kile, sega. Mwezi wa Agosti wale wataalamu wawili waliandika kwamba wameridhika. Kilichobaki kilikuwa jina.

Apondi alikuwa ameshaliamua. Tulikwenda kwa Esnah Jumapili na mkate na sukari, na baada ya kula ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu zinazopikwa kwa maziwa, alitangaza kwamba kuvu itaitwa Esnah.

Esnah alikataa kabla sentensi haijaisha.

"Kwetu jina hupewa mtoto kutoka kwa mtu aliyekwisha kwenda," akasema. "Mimi bado niko. Mnaniharakisha wapi?"

"Hata kwetu ni hivyo," Apondi akakiri. "Nilidhani kuvu haihesabiwi."

"Tuiite Ratemo," Ratemo akasema. "Mimi ndiye niliyeichoma."

"Wewe pia bado uko. Ingawa Ijumaa ile ilibaki kidogo."

Apondi akafungua daftari. "Basi nani, mama?"

"Bosibori," Esnah akasema. Hakufikiria hata kidogo. "Mama yangu."

Apondi akaliandika, akaliongezea mkia wa Kilatini ambao majina ya aina hiyo lazima yawe nao, akamsomea mara mbili. Esnah alilirudia polepole, bosiboriae, akamwambia Ratemo alirudie, naye akalikosea, wakacheka. Alimpigia Ruth simu kule Nyanchwa ili alisikie. Alitoka nje akamwambia jirani aliyekuwa anapita na ng'ombe.

Jioni ile alitusindikiza hadi barabarani. Apondi alikuwa mbele akiongea kwa simu, nami nilikuwa nyuma na Esnah, tumebeba ndizi alizotukatia. Miezi yote hiyo sikuwa nimemwuliza swali hata moja. Maswali yalikuwa ya daktari, nami niliandika majibu. Nilipoona tumekaribia lami nikamwuliza kama mama yake alikuwa anapenda uyoga.

"Hapana," akasema. "Alichuma chai miaka arobaini, kilo zote zikiandikwa kiwandani kwenye nambari ya baba, naye akafa bila kitambulisho. Nilitaka jina lake liandikwe mahali."